UZI: Amplifaya ya milioni sita inavuma, inauma vidole na saa mbili usiku inakata. Nisaidieni kabla sijaiuza

Sikio_Kireka
Wakuu za usiku. Mimi huwa nasoma tu humu sichangii ila leo yamenifika shingoni. Niko na amplifaya ya mezani ya hedifoni, ile aina ya DAC (kigeuzi cha sauti ya dijitali) na amplifaya ndani ya kasha moja, klasi A, kilo saba na kitu, ukiiacha nusu saa imewaka unaweza kupashia chapati juu yake. Jina la kampuni sitaji, nisije nikawa nawasingizia watu wa watu. Niliinunua kwa mzungu mmoja Muyenga hapa Kampala alikuwa anahama nchi, anauza kila kitu hadi sufuria, mimi nilienda kuangalia kabati nikarudi na amplifaya na mke wangu mpaka leo anauliza kabati liko wapi. Milioni sita na laki mbili za Uganda. Lakini niliisikiliza palepale kwake na hedifoni zangu za Sennheiser HD 600 karibu saa nzima, kimya kabisa, kile kimya ambacho unamsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaanza. Akaniambia amekaa nayo miaka minne haijamsumbua hata siku moja.

Sasa kwangu Kireka ni kitu kingine. Inavuma. Mmmmmmm hata kama hakuna muziki, ukiongeza sauti mvumo hauongezeki, ukirudisha kitufe hadi sifuri uko palepale unakungoja. Nikichomeka vile vidogo vya kuingia ndani ya sikio ndio balaa kabisa. Halafu kasha lenyewe linauma, yaani ukipitisha vidole juu ya bati polepole unasikia kama sisimizi wanatembea. Na ya tatu ndiyo inanimaliza, kuanzia saa moja jioni hadi saa nne hivi mvumo unabadilika unakuwa mkali kama nyuki ndani ya debe, mara ndani unasikia "tak", sauti imekata, sekunde tano sita, "tak", imerudi. Jana imefanya hivyo mara kumi na moja, nilihesabu.

Nilishapeleka kwa fundi mjini. Akakaa nayo wiki mbili, akabadilisha kapasita nne, laki mbili na nusu, akaniwashia hapohapo dukani kwa simu yake na hedifoni zangu, kimya!! Nikalipa, nikapanda boda nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikafika nyumbani nikaunganisha vitu vyangu vyote kama kawaida, laptopu kwa USB, laptopu kwenda kwa TV kwa HDMI maana TV ndiyo skrini yangu... mmmmmmm. Nikampigia, akasema basi ni chipu ya DAC imekufa, ataniletea nyingine kwa laki sita. Nimechoka.

Kadogo256
Nipe milioni moja nikuondolee mateso ssebo 😂

Kadogo256
Lakini kwa kweli, mimi natumia kale kadongo ka Apple ka kuchomeka kwa simu, ka dola 9, na HD 600 hizohizo na nalala usingizi. Kanatoa kama volti moja, kwa hedifoni za ohm 300 inatosha mtu ambaye hataki kuharibu masikio. Nyinyi watu wa makasha ya kilo saba mnanunua joto.

Sikio_Kireka
Kadogo sijaja kubishana kuhusu dongo. Kama huna msaada pita polepole.

Fundi_Arua
Usimjibu huyo. Nikuulize vitu kwanza. Nyuma ya mashine kuna swichi ya volti, imekaa 115 au 230? Chaja ya laptopu yako iko na pini tatu za ukweli au ile ya tatu ni ya plastiki? Ukichomoa chaja laptopu ikabaki na betri, mvumo unafanya nini? Na ulipopima kwa fundi, chanzo kilikuwa simu yenye betri, si ndiyo? Hebu fikiria hiyo vizuri, maana dukani hukuwa na laptopu wala TV.

Na hiyo ya sauti kutobadilika na kitufe ni ushahidi mzuri. Kelele inayopanda pamoja na kitufe cha sauti imetoka mbele yake, kwa DAC au kwa chanzo. Ambayo haijali kitufe imeingia baada yake, kwa upande wa umeme au kwa ardhi ya saketi. Kwa hiyo habari ya chipu ya DAC kufa mimi siiamini hata kidogo. Chipu ikifa inanyamaza, au inachanachana sauti, haikai kuvuma Mmmm kama mzee anakubali hoja.

Mbongo_Kabalagala
Aisee hiyo ya 115 na 230 msiichukulie poa. Mimi nililetewa amplifaya kutoka Marekani ya 115 peke yake haina swichi, nikanunua transfoma ya kushusha volti mjini. Ilifanya kazi lakini ilikuwa inachemka kuliko kawaida, baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba kule kwao umeme ni hezi 60 (mawimbi 60 kwa sekunde) na huku 50, na transfoma iliyopigwa mahesabu ya 60 pekee ukiilisha 50 chuma chake kinashiba mapema na kinapata moto. Volti nilishusha, hezi sikuweza kushusha wala kupandisha. Niliiuza.

Na hiyo chipu ya laki sita muulize vizuri anaitoa wapi. Kama ni ya AKM, kile kiwanda chao cha Nobeoka Japani kiliungua Oktoba 2020, hata makampuni yenyewe yalikosa chipu, mengi yakahamia kwa ESS, watengenezaji wengine wa chipu, na kusanifu upya bodi zao. Sasa yeye ana ya akiba kwenye droo? Labda.

Sikio_Kireka
Swichi iko 230, nimeangalia kwa tochi. Kwa mashine ndani ni AKM kweli, AK4497, na muziki wenyewe unatoka safi sana isipokuwa hiyo mvumo.

Chaja nimeangalia, ni hizi za mtaani, pini ya juu ni plastiki. Nimechomoa chaja: mvumo umepungua labda nusu, haujaisha. Na nimegundua kitu cha ajabu nikiwa hapo nimekaa na hedifoni kichwani bila muziki kama mwendawazimu, friji ikiwaka mvumo unapanda. Ikizima unashuka. Friji iko jikoni!! Mke wangu ameniuliza naisikiliza nini, nikamwambia friji, akaondoka.

Mkali_wa_Wufa
Hiyo ni loopu ya eathi, umeme unazunguka kati ya mashine kupitia waya za eathi, hata usisumbuke. Kata pini ya eathi kwenye waya ya amplifaya, mimi wufa yangu nilikata miaka mitatu sasa, imenyamaza kabisa.

Mama_Masafa
Mkali, futa hicho ulichoandika kabla mtu hajakisoma na kukifanya.

Hiyo mashine ina kasha la bati na waya ya pini tatu. Maana yake aliyeitengeneza amehesabu kwamba siku laivu ikichomoka ndani ikagusa bati, umeme ukimbilie eathi, kitu kikate. Ukikata pini, siku hiyo bati linabaki na volti 240 linakusubiri wewe, na wewe una waya umeunganisha bati hilo na kichwa chako. Kichwa, ndugu yangu. Nimefanya kazi studio za redio miaka mingi huku Mbale na nimeona mtangazaji ametupwa na maikrofoni kwa sababu ya fundi aliyekata pini "kunyamazisha".

Loopu ya eathi dawa yake ni kukata njia ya ishara, si njia ya usalama. Kama mashine ina mlango wa toslinki, ule waya wa mwanga, unatumia mwanga, mwanga haubebi mvumo. Au kitenganishi cha USB. Eathi inabaki.

Lakini Sikio mimi sidhani hata kama una loopu ya kawaida, na hao sisimizi ndio wananipa wasiwasi. Una multimita? Mashine zote zikiwa zimechomekwa, pima kwenye soketi ya ekstensheni hiyohiyo: laivu na nyutro, laivu na eathi, nyutro na eathi. Nipe namba tatu. Shika vijiti kwenye plastiki, mkono mmoja, na kama hujawahi kupima soketi muite anayejua. Halafu chomoa HDMI kwenye TV, useme mvumo umefanyaje na sisimizi wamefanyaje. Vyote viwili.

Kadogo256
Nnyabo unaongea kama daktari anayejua ugonjwa lakini hataki kusema

Sikio_Kireka
Nimerudi. Multimita nimeazima kwa jirani anayetengeneza simu, na yeye akaja nayo kabisa kuangalia, sasa tuko watatu na mtoto.

HDMI nimechomoa: mvumo UMEKUFA. Kimya kile cha Muyenga. Nilitaka kulia. Halafu nikagusa kasha, mama yangu, sisimizi wamekuwa siafu. Jirani aligusa akaruka. Nikarudisha HDMI, siafu wakapungua wakawa sisimizi tena, mvumo ukarudi.

Namba, HDMI ikiwa imechomolewa: laivu na nyutro 237. Laivu na eathi 128. Nyutro na eathi 109. Hizo mbili za mwisho zinachezacheza. Nimepima soketi ya ukutani yenyewe na ya jikoni, hivyohivyo.

Fundi_Arua
Yesu.

Mama_Masafa
Ndivyo nilivyoogopa. Ssebo, nyumba yako haina eathi.

Kwenye nyumba iliyo sawa, nyutro na eathi ni volti moja mbili tatu, na laivu na eathi inakaribia kuwa sawa na laivu na nyutro. Wewe eathi yako inaelea katikati kama boya. Kile kitundu cha tatu ukutani kina waya, ndiyo maana soketi zote zinasoma sawa, ila ule waya unazunguka nyumba nzima halafu haufiki ardhini. Ama rodi, ile fimbo ya eathi ya ardhini, haikuwahi kupigwa, ama ilipigwa na waya ukaibiwa, shaba ina wapenzi wake.

Kwa nini katikati? Ndani ya karibu kila kifaa cha kisasa kuna kichujio cha umeme, na kwenye kichujio kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka laivu kwenda kwenye bati, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati. Kazi yake ni kumwaga uchafu wa masafa ya juu kwenye eathi. Eathi ikiwepo hutajua kama zipo. Eathi isipokuwepo zinakuwa kama ngazi mbili, na bati linakaa kwenye ngazi ya kati, nusu ya umeme, 120 hivi. Mkondo ni mdogo sana ndiyo maana unasikia sisimizi tu. Lakini kila kifaa chako chenye pini tatu kinachangia kidogo kwenye ule waya mmoja unaoelea, friji, amplifaya, pasi, kila mmoja anatia kikombe chake.

Sasa maji yakijaa yanatafuta pa kutokea. TV yako ina antena ya nje?

Sikio_Kireka
Ndiyo. Iko kwenye bomba la chuma limechimbiwa nyuma ya nyumba.

Mama_Masafa
Hilo bomba ndilo eathi ya nyumba yako.

Fuata njia: vuja la umeme la friji linaingia waya wa eathi, linakuja kwenye pini ya tatu ya amplifaya, linaingia kwenye bati, linapita ardhi ya saketi, linatoka kwa ganda la waya wa USB kwenda laptopu, HDMI kwenda TV, waya wa antena, bomba, udongo. Nyumba nzima inajisaidia kupitia DAC yako ya milioni sita. Chaja ya laptopu nayo inaongeza yake katikati ya njia, ndiyo maana ulipoichomoa mvumo ulipungua nusu tu. Ukichomoa HDMI umefunga bomba la kutokea, mvumo unakufa kwa sababu hakuna mkondo unaopita, lakini volti inapanda kwenye bati, siafu. Ukirudisha HDMI umefungua bomba, siafu wanapungua, mvumo unarudi. Mvumo na sisimizi walikuwa wanapokezana zamu.

Na ndiyo maana Muyenga ilikuwa kimya na kwa fundi ilikuwa kimya. Mashine yako ni nzima.

Fundi_Arua
Mimi nimekaa hapa nimesoma hii mara mbili. Nnyabo nakuamkia shikamoo hata kama unanizidi miezi tu.

Niongeze tu kitu kinatisha kuliko mvumo. Hilo bomba la antena ni kitu kirefu cha chuma kimesimama juu ya mabati, na nyinyi mnakaa ukanda wa ziwa Nalubaale (Viktoria) ambao kwa radi dunia nzima inawajua. Radi ikipiga hapo au hata jirani, njia ya kurudi ndani ni ileile, antena, TV, HDMI, laptopu, DAC, kichwa. Ukiona mvua inakuja, kabla haijaanza kunguruma, chomoa antena ukutani kwanza, mambo ya muziki baadaye.

Mkali_wa_Wufa
Sasa mimi niliyekata pini na pengine nyumba yangu pia haina eathi si ni sawasawa tu? Kama tundu halina kitu, pini ya nini?

Mama_Masafa
Mkali, swali lako ni zuri kuliko ushauri wako. Kama kweli haina eathi, leo ni sawasawa ndiyo. Siku utakapohamia nyumba yenye eathi wewe peke yako ndiye hutakuwa nayo, na utakuwa umeshasahau.

Tatizo letu hapa Uganda eathi watu wanaijua kama tundu la kuingiza peni ili chaja ya pini mbili iingie. Nimeona nyumba za ghorofa zina tiles za Dubai na rodi hakuna.

Kadogo256
Nimeangalia peni yangu iliyo kwenye soketi sasa hivi nikaona haya

Sikio_Kireka
Sawa nimeelewa ila saa mbili usiku je? Maana hiyo "tak" bado iko. Leo HDMI nimeitoa kabisa, kimya safi mchana wote, saa moja na dakika arobaini nyuki wakaanza, saa mbili kasoro "tak".

Mama_Masafa
Pima laivu na nyutro wakati nyuki wapo.

Sikio_Kireka
187!!! Na taa za jirani zimekuwa njano kama viazi.

Mama_Masafa
Huo ni ugonjwa wa pili, hauna undugu na wa kwanza. Sikiliza vizuri utagundua hata sauti ni tofauti, mvumo wa eathi ni mnene, hezi 50, ule wa nyuki ni hezi 100 na vitoto vyake.

Ndani ya mashine kuna transfoma kubwa ya duara, umeme unashuka, unanyooshwa, unajaza kapasita kubwa, halafu kuna regyuleta inayokata kilele ili saketi ipate volti iliyotulia. Regyuleta ni kama mtu anayekata nyasi kwa urefu mmoja, lazima nyasi ziwe ndefu kuliko panga. Kwa 230 zinazidi vizuri. Kwa 187 mawimbi ya kapasita yanashuka chini ya panga, regyuleta inaachia, na yale mawimbi mara 100 kwa sekunde yanapita moja kwa moja kwenye sikio. Klasi A inakula mkondo mwingi muda wote hata kama husikilizi kitu kwa hiyo inaumia mapema kuliko wenzake. Ikishuka zaidi saketi ya ulinzi inaona hatari, inafungua rilei (swichi ya ndani), "tak", ili hedifoni zako zisipigwe na volti ya kunyooka. Inangoja mambo yatulie, inarudisha. Yaani ile "tak" uliyoichukia ndiyo imekuwa inazilinda HD 600 zako kila jioni.

Ili ulale vizuri, pima pia volti ya kunyooka kwenye tundu la hedifoni, bila hedifoni, bila muziki, mashine ikiwa imepata moto. Milivolti chache ni sawa, ikivuka hamsini tuongee.

Sikio_Kireka
Kushoto 2, kulia 3. Milivolti.

Mama_Masafa
Hiyo ni safi kabisa. Mwambie fundi wako akupe zile kapasita nne za zamani, huenda zilikuwa nzima kuliko alizoweka.

Mbongo_Kabalagala
Kwa hiyo anunue stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti? Mimi nilikuwa nayo moja, ilikuwa inapiga kelele za rilei zake yenyewe, tak tak tak, sasa ukawa na tak mbili zinajibizana.

Fundi_Arua
Hizo za rilei zinaruka kwa ngazi, volti inapanda ghafla inashuka ghafla, kwa mashine ya muziki sizipendi ingawa ni bora kuliko 187. Za mota ndani zinapandisha polepole, ni nzuri zaidi. Ya uhakika ni UPS ya onlaini, ile inayogeuza umeme kuwa wa betri halafu inautengeneza upya wakati wote, lakini bei yake utakaa chini, na feni yake inapiga kelele kwa hiyo iweke chumba kingine. Msimwambie anunue UPS za kawaida za kompyuta zikiwa na wimbi la ngazingazi, au inveta ya bei rahisi. Wimbi la ngazi likiingia kwa transfoma ya duara, transfoma yenyewe inanguruma, hapo husikii kwa hedifoni, unasikia mezani.

Mimi huku kwangu miaka ya kukatikiwa umeme kila siku ilinifundisha, nikaachana kabisa na transfoma. Niko na RME ADI-2, ile DAC ya Wajerumani, inakula volti 12 za kunyooka na inakubali kuanzia 9.5 hadi 15. Nikaiweka moja kwa moja kwa betri ya sola na fyuzi katikati. Umeme ukate usikate sijui habari. Ila muda betri inachajiwa kwa jua kali kuna kontrola za sola zinatia kelele, hizi rahisi zinazokatakata, mimi niliweka chujio kidogo. Na angalieni polariti, chanya na hasi, ukigeuza waya hakuna uzi wa kukusaidia.

Kadogo256
Dongo langu linakula betri ya simu. Nimesema tu.

Sikio_Kireka
Kadogo leo sikupingi, endelea.

Mpango wangu, ya eathi kwanza. Kesho naenda kwa Hajjati mwenye nyumba.

Mama_Masafa
Mtafute fundi mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya kudhibiti umeme), muulize akuonyeshe kibali, asije mtu na msumari wa nchi sita na nyundo. Rodi ya shaba, mahali penye unyevu, na apime kwa kipimo cha eathi si kwa macho. Na hii ni muhimu kuliko rodi: lazima uwe na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Rodi ikisoma tuseme ohm 9, laivu ikigusa bati mkondo utakuwa 240 gawa kwa 9, kama ampia 27. Fyuzi kubwa ya nyumba haitastuka kwa hiyo. RCD itakata kabla hujamaliza kusema banange.

Msijaribu ile ya kuweka balbu kati ya laivu na eathi kuona kama inawaka. Kwenye nyumba kama ya Sikio unakuwa umepeleka laivu kwenye mabati ya kila kifaa, friji na mke akiwa ameishika.

Sikio_Kireka
WIKI MOJA BAADAYE. Samahani nimechelewa.

Hajjati alikataa kwanza, akasema wapangaji wote kabla yangu walikuwa na TV na friji na hakuna aliyelalamika, wewe ndio unasikia vitu. Nikamwomba aje. Akaja, nikatoa HDMI, nikamwambia Hajjati weka kiganja hapa polepole. Aliweka. Akasema neno ambalo sikujua kama mahujaji wanalijua. Hapohapo akakubali tugawane nusu kwa nusu.

Fundi akaja na kibali chake mfukoni kwenye karatasi ya nailoni, kijana mdogo lakini ana adabu na kazi. Alifungua kisanduku cha mita, akaucheka waya wa eathi, ulikuwa umekunjwa vizuri ndani na kufungwa na selotepu, haukwenda popote tangu nyumba ijengwe. Rodi ya kwanza ilisoma ohm 31, akapiga ya pili umbali wa hatua mbili hivi chini ya ule mfereji wa maji ya mvua, akaziunganisha, 8.6. RCD akaweka. Ilikata mara ya kwanza tu tulipowasha, tukachomoa vitu kimoja kimoja, ilikuwa pasi ya zamani. Hiyo pasi mke wangu alikuwa ananiambia tangu mwaka jana inamuuma mkono nikawa namwambia ni baridi. Hiyo sehemu naomba tuipite haraka.

Namba mpya: laivu na nyutro 235, laivu na eathi 233, nyutro na eathi 1.7. Sisimizi hakuna. Nimeunganisha kila kitu kama zamani, USB, HDMI, TV, antena, chaja nimenunua yenye pini ya ukweli, nikavaa hata vile vya ndani ya sikio ambavyo vinasikia kila kitu. Kuna kamvumo kadogo sana ukitafuta kwa nguvu.

Mama_Masafa
Hako sasa ndiko loopu ya kawaida. Toslinki.

Sikio_Kireka
Nimetoa toslinki ya TV nikaiingiza kwa DAC badala ya USB. HAKUNA KITU. Friji imewaka, imezima, imewaka, nimekaa naingoja kwa hedifoni na siisikii. Mke wangu ameuliza sasa nasikiliza nini, nikamwambia sisikilizi friji.

Jioni bado ni 190 au chini yake, kwa hiyo kati ya saa moja na saa nne naizima, nakaa na watu wa nyumbani, naiwasha saa nne usiku. Stabilaiza ya mota nimeshaulizia bei. Nadhani ndiyo inayofuata baada ya kabati.

Mbongo_Kabalagala
Na fundi wa kapasita je?

Sikio_Kireka
Alinipigia juzi, chipu imefika.

Kadogo256
Nimeazima multimita. Nyutro na eathi 96. Nyumba ya shemeji yangu pia 102. Huyo kijana wa kibali anakuja na Bweyogerere?

Sikio_Kireka
Anakuja. Ila nikuonye mapema, Hajjati ametuma ujumbe leo asubuhi kodi inapanda elfu ishirini kuanzia mwezi ujao, sababu alizoandika ni moja tu: "nyumba sasa ina eathi".